Lubumbashi, mji wa waliokuja



Leo tuseme wewe ni rafiki yangu, umekuja kunizuru Lubumbashi. Mimi sikuzaliwa hapa. Mji huu ulinipokea, nami nikaupenda kama kwetu. Basi nitakutembeza. Lakini sitakuonyesha majumba mazuri tu. Tutatafuta jibu la swali moja ambalo limeua watu katika inchi yetu: nani ni mwenyeji, na nani ni mgeni?

Tuanze Ruashi. Hapo kuna shimo la shaba la Kalukuluku, ambalo Wazungu waliliita Étoile. Mbele ya Mzungu kufika, watu wa inchi hii walikuwa wakichimba shaba na kuiyeyusha, wakatengeneza misalaba midogo. Misalaba ile ilikuwa feza yao na mali ya kuolea. Walamba na Wasanga ni wazee wa udongo huu. Anayekuja na awasalimie kwanza. Lakini hata siku zile watu walikuwa wakihama. Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa mwaka wa 1891, alitoka Unyamwezi, katika inchi ya Tanzania ya leo. Watu wake, Wayeke, wangali hapa, na wanahesabiwa kuwa wana wa Katanga.

Sasa twende kwenye kituo cha gari moshi. Reli ilifika mwaka wa 1910 ikitoka kusini, na mwaka ule ule Wabelgiji walianzisha mji, wakauita Elisabethville. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto, mji ulilipewa mwaka wa 1966. Kwa reli hiyo walikuja wafanyakazi kutoka Zambia na Malawi za leo. Baadaye kompani ya Union Minière ikatafuta watu Lomami, Maniema, Ruanda na Urundi. Na reli ilipofika Ilebo, mwaka wa 1928, njia ya Kasai ikafunguka.

Inua macho. Unaona lile bomba refu la moshi, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake? Tanuru iliwashwa mwaka wa 1911. Kilima kile si kazi ya kabila moja. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa sururu, na kwa mikono yake mji ukasimama. Katika kambi za wafanyakazi, Wabemba, Waluba na Watetela walikaa mlango kwa mlango. Walisikilizana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, nacho kilikuja na wageni. Leo mtoto wa Kamalondo anakiita lugha ya mama yake.

Usigeuze uso sasa, rafiki. Mji huu uliona ubaya vilevile. Mwaka wa 1961, siku za kujitenga kwa Katanga, maelfu ya watu, wengi wao Waluba wa Kasai, walikimbia nyumba zao wakaenda kukaa chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1992 na 1993 chuki ilirudi. Watu wa siasa walisema wazi: Mkasai ni mgeni, arudi kwao. Likasi na Kolwezi, familia zililala vituoni majuma na miezi, kwa mvua na njaa, zikingoja gari moshi. Wengi walikufa pale. Wengine walizaliwa Katanga, na hiyo Kasai waliyorudishwa hawakuwa wameiona hata siku moja. Reli iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowaondoa.

Tuseme kweli: wenyeji walikuwa na manung'uniko yao. Wakoloni waliwapendelea wengine katika kazi za ofisi, na jambo hilo liliacha kidonda. Manung'uniko ya namna hiyo yanastahili kusikilizwa katika baraza. Hayastahili kumtoa mtu nyumbani mwake. Na aliyebaki alipata nini? Miaka ile ile kazi ya Gécamines ilikuwa ikianguka, na kumfukuza jirani hakukuiinua.

Basi, wewe mkubwa wa mtaa, familia ya wakimbizi ikifika, iandike, uliza baba na mama wanajua kazi gani, kisha waite wazee wa udongo waketi nayo. Ukisikia mtu akisema «hawa si wa hapa», usingoje mpaka jiwe lirushwe. Nawe uliyekimbia vita, salimia wenye udongo kabla ya kuomba shamba, na fundisha watoto wako majina ya majirani. Katika mji huu yuko aliyetangulia na yuko aliyefuata. Aliyetangulia apewe heshima yake. Aliyefuata apewe jembe, naye alime pamoja na wengine.

Swali la kuzungumzia nyumbani na katika baraza: babu yako alifika hapa unapokaa kwa njia gani, na nani alimfungulia mlango?

Kaeni kwa amani.