Moto wa Dakika 10

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio nisikae hapa nikijifanya mwalimu.

Mwaka jana niliitwa kupiga video ya ruracio huko Kiambu. Kazi poa, malipo ya maana. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu, na kila nikienda nyumbani swali ni lile lile: hiyo kamera itakulipia nyumba lini? Nikarekodi siku nzima. Jioni nikarudi keja, nikahamisha kila kitu kwa diski moja, nikafuta kadi ya kamera kwa sababu kesho yake nilikuwa na kazi nyingine. Diski nikaiacha imechomekwa kwa kompyuta nikalala. Usiku stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Asubuhi ile diski ilikuwa inalia kama panzi. Fundi wa kwanza akasema tujaribu. Wa pili akasema pole.

Nilirudisha pesa yote. Lakini yule dada hakuwa anaulizia pesa. Alitaka dakika tatu tu, pale shosho wake alisimama akawabariki. "Hizo tu, zingine si neno." Sikuwa nazo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma stori za biashara zilizokwama kwa kitu kidogo. Nimesoma nyingi, ila kuna moja imekataa kunitoka kichwani, na inahusu simu ambayo pengine mzee wako bado ameiweka kwa droo.

Ni Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000. Mji unaitwa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani. Radi inapiga laini ya stima, umeme unayumba, na ndani ya kiwanda cha kampuni ya Philips tanuri moja inashika moto. Wafanyakazi wanauzima. Dakika 10 hivi, kwisha. Wazimamoto wanapofika hakuna kubwa la kufanya. Ungepita barabarani hapo nje hungejua kuna kitu kimetokea.

Lakini kiwanda hicho hakikuwa cha mabati. Kilikuwa kinatengeneza chipu, vile vipande vidogo vinavyofanya simu iwe simu. Chipu zinachorwa juu ya visahani vyembamba vya silikoni, ndani ya vyumba ambavyo hewa yenyewe inachujwa na watu wanavaa nguo za kufunika kila kitu isipokuwa macho. Chembe moja ya vumbi inaharibu kazi. Sasa fikiria moshi. Fikiria maji ya kuzima moto, na viatu vya watu wanaokimbia. Moto uliunguza visahani vichache tu vilivyokuwa kwa tanuri, lakini moshi na maji vilichafua vile vyumba, na chipu za mamilioni ya simu zikawa takataka.

Wateja wakubwa wa hizo chipu walikuwa wawili. Nokia ya Finland na Ericsson ya Uswidi. Wote wawili pamoja walikuwa wanachukua karibu asilimia 40 ya oda za kiwanda. Na hizi hazikuwa kampuni za jana. Ericsson ilianza 1876, wakati simu yenyewe ndio inavumbuliwa. Nokia ilianza 1865 ikitengeneza karatasi, na baadaye hata gambuti iliuza. Mwaka huo wa 2000 zote mbili zilikuwa kwa vita vya kuuzia dunia simu za mkononi.

Jumatatu ya tarehe 20 Machi, Philips ikawapigia wote wawili. Ujumbe ulikuwa mmoja: kumetokea moto mdogo, tutachelewa wiki moja hivi, msijali.

Hapa ndipo nataka utulie. Moto ni ule ule. Simu waliyopigiwa ni ile ile, siku ile ile. Hakuna aliyependelewa.

Upande wa Nokia simu ilipokelewa na jamaa wa ununuzi anaitwa Tapio Markki. Hakuchachawa. Wiki moja si kitu, stoo huwa na akiba ya kiasi hicho. Lakini hakukaa na hiyo habari. Aliipeleka juu, kwa mtu wa kusuluhisha matatizo ya ugavi, Pertti Korhonen, na huyo akaweka zile sehemu kwa orodha ya vitu vya kuchungwa. Badala ya kuulizia mara moja kwa wiki, wakaanza kupigia Philips kila siku. Nafikiri walikuwa wasumbufu kweli. Walijitolea hata kutuma mainjinia wao wasaidie, Philips ikakataa.

Baada ya kama wiki mbili, ile "wiki moja" ikaanza kunuka. Ikawa wazi ni miezi, na Nokia ikapiga hesabu ikaona simu kama milioni nne ziko hatarini. Hapo hakuna tena kubembelezana. Mkubwa wao, Jorma Ollila, akaingia mwenyewe kuongea na wakubwa wa Philips. Viwanda vingine vya Philips, kama cha Eindhoven kule Uholanzi na cha Shanghai kule Uchina, vikabanwa vipate nafasi. Wauzaji wengine wa Japani na Marekani wakaombwa waongeze uzalishaji. Chipu nyingine mainjinia wakazichora upya ili ziweze kutengenezwa mahali pengine.

Upande wa Ericsson? Habari ilifika kwa mafundi. Mafundi wakaongea na mafundi. Wakaamini ile wiki moja. Mkubwa wa kitengo cha simu alikuja kujua ukubwa wa mambo wiki kadhaa baadaye. Na alipoamka kutafuta chipu kwingine, alipata mambo mawili. Kwanza, Ericsson haikuwa na kwingine. Miaka ya kati ya 1990 walikuwa wamepunguza wauzaji ili kupunguza gharama, wakabaki kwa baadhi ya sehemu na muuzaji mmoja tu. Pili, ile nafasi kidogo iliyokuwa imebaki kwa viwanda vya watu, Nokia ilikuwa imeshaikalia.

Ericsson ilikosa mauzo ya karibu dola milioni 400 kwa sababu ya ule moto. Kitengo chake cha simu kikafunga mwaka na hasara kubwa zaidi ya hapo. Januari 2001 wakatangaza kwamba kazi ya kutengeneza simu wanaipa kampuni nyingine, Flextronics. Kufikia Oktoba mwaka huo wakaungana na Sony. Ndio maana wale mnaokumbuka simu za muziki za pale sekondari mnakumbuka Sony Ericsson, si Ericsson peke yake. Mwaka 2012 Sony ikanunua sehemu iliyobaki na hilo jina likaondoka kwa simu.

Najua kuna mjuaji ataniambia Ericsson ilikuwa na shida zingine. Ni kweli. Simu zao hazikuwa zinapendwa na vijana kama za Nokia, na hasara ya mwaka huo haikutoka kwa moto peke yake. Sisemi radi ilimaliza kampuni. Nasema kampuni ilikuwa na ufa, na radi ikapata mahali pa kuingilia. Nokia nayo baadaye ilikuja kupigwa na simu za kugusa kioo, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa angalia saa za mambo haya na za kwetu. Huo mwaka wa 2000 ndio Safaricom ilianza kwa sura tunayoijua, na Kencell nayo ikaingia mwaka huo huo. Nokia 3310 ikatoka mwaka huo huo. Yaani Kenya ilikuwa inaanza kununua simu kwa wingi wakati kampuni moja ina simu za kuuza na nyingine inatafuta chipu. Siwezi kukuapia ndio sababu mulika mwizi za mtaa wenu zilikuwa Nokia, bei ilikuwa na neno lake pia. Lakini ukikosa bidhaa wakati soko linafunguka, huwezi kurudi mwaka ujao useme nilikuwa na dharura.

Kitu kinaniuma kwa hii stori ni kwamba wakubwa wa Ericsson hawakuwa wajinga. Kuwa na muuzaji wa pili ni gharama. Kuweka akiba stoo ni gharama. Kwa miaka mitano hivi waliokoa pesa ya kweli, na nina uhakika kuna mtu alipongezwa kwa hilo. Hata mimi diski ya pili sikununua kwa sababu ilikuwa bei ya kodi ya wiki mbili, na kwa kazi kumi za kwanza nilikuwa sahihi! Hiyo ndiyo shida ya kujipanga kwa jambo ambalo halijatokea. Kila mwezi halijatokea, unaonekana umetupa doo.

Na kuna hili la habari mbaya. Hapa kwetu mfanyakazi akimwambia bosi "naona kuna shida inakuja" anaitwa mwenye kisirani. Kwa hiyo watu wananyamaza. Jamaa wa duka la jumla anajua lori limekwama, lakini anangoja bosi ajionee mwenyewe. Binti wa M-Pesa anajua floti inaisha, anaogopa kupiga simu mara ya tatu. Ericsson haikukosa taarifa. Taarifa ilikuwa ndani ya jengo, imekaa na mtu ambaye labda hakuona kama ni kazi yake kusumbua mkubwa. Kwangu mimi hilo ndilo lililowagharimu kuliko moto. Na Ericsson yenyewe ilielewa, maana baada ya hapo ilianzisha utaratibu mzima wa kuchunguza hatari kwa wauzaji wake, hadi kuwauliza: nyinyi mkiungua, mpango wenu ni gani?

Lakini usidhani kuwa na cha pili kunatosha. Mnakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023? Stima ilipotea karibu nchi nzima. Sisi tulikuwa kwa giza tunacheka mtandaoni mpaka zikaanza kuja picha za uwanja wa ndege wa JKIA ukiwa giza, abiria wamekaa na mizigo yao wanamulika na simu. Jenereta ilikuwepo. Mpango ulikuwepo, umeandikwa kabisa. Ila jenereta moja ilipotakiwa kuwaka, iligoma. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi, na mkubwa wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini.

Mimi siku hizi niko hivi. Nikimaliza kurekodi siondoki kwa sherehe kabla sijanakili kila kitu kwa diski mbili. Moja inakaa na mimi, nyingine inaenda na binamu yangu, na hatupandi matatu moja. Watu wananicheka. Kadi ya kamera sifuti mpaka mteja aseme amepokea. Bei yangu imepanda kidogo kwa sababu ya hizo diski, na kuna wateja wawili wameniacha wakaenda kwa msee mwenye bei ya chini. Kwa mwezi mbaya hiyo inauma, sitadanganya.

Juzi nikiandika hii nikakumbuka ile jenereta. Nikamwambia binamu alete diski yake. Ilikuwa na kazi za tangu Januari na hatukuwa tumeifungua hata siku moja, tulikuwa tu tunaijaza na kuiweka kwa kabati. Nikaichomeka. Kazi za Januari ziko. Za Februari ziko. Za Machi, faili zote zinaonekana kwa majina, lakini ukibonyeza hazifunguki hata moja.

Diski yangu mimi bado iko sawa, kwa hiyo hakuna mteja aliyepoteza kitu. Tumekaa usiku mzima tukinakili upya, binamu akinilaumu mimi, mimi nikimlaumu yeye. Sasa kila Jumapili jioni anakuja na diski, tunafungua faili tano tano bila kuchagua, kisha tunapika ugali.