Waliosoma Ng'ambo Wakarudi: Wanafunzi wa Kiyahudi kutoka Gondar hadi Mbale

Murara, mtaa wa komini ya Karisimbi hapa Goma, hauna sinagogi. Hata hivyo, kila matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, wazazi wa hapa huulizana jambo ambalo Wayahudi wa Afrika Mashariki wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 100: nani atamlipia mtoto masomo ya ng'ambo, na akishahitimu, atarudi kufanya kazi gani?

Habari hii inaanzia Ethiopia. Mwaka 1904 Jacques Faitlovitch, mzaliwa wa Łódź nchini Poland na mwanafunzi wa mtaalamu Joseph Halévy mjini Paris, aliwafikia Beta Israel, Wayahudi wa nyanda za Gondar, kwa fedha za Baron Edmond de Rothschild. Mwaka uliofuata alirudi Ulaya pamoja na vijana wawili, Taamrat Emmanuel na Gete Yirmiyahu. Taamrat alikuwa amechukuliwa kutoka shule ya wamisionari wa Kiswidi mjini Asmara. Akaingizwa katika chuo cha ualimu cha shirika la Kiyahudi la Alliance Israélite Universelle huko Auteuil, Paris, kisha akapelekwa Florence, Italia, kusomea elimu ya dini. Hakuiona Ethiopia tena hadi 1920.

Kwa jumla Faitlovitch aliwapeleka ng'ambo vijana wapatao 25. Hakuwa na mfuko wa kudumu. Alizunguka Ulaya na Marekani akichangisha, akimwombea huyu nafasi Frankfurt, yule Jerusalem, mwingine Uswisi. Tuwafikirie hao watoto: wametoka milimani, hawaijui lugha, baridi inawapenya, na barua ya nyumbani huchukua miezi. Baadhi yao waliugua wakafia ugenini. Gharama hiyo haikuandikwa katika hesabu za mfadhili yeyote, nami naiona kuwa kubwa kuliko fedha zote zilizotumika.

Waliorudi walifanya kazi. Katika miaka ya 1920 ilifunguliwa shule ya bweni Addis Ababa, Taamrat akiwa mkuu wake. Yona Bogale, aliyeondoka akiwa mvulana mwaka 1921 na kusoma Jerusalem, Ujerumani, Uswisi na Ufaransa, alirejea akafundisha humo. Baadaye ndiye aliyekuwa msemaji wa watu wake mbele ya serikali na mbele ya Wayahudi wa nje. Shule yenyewe ilikufa Italia ilipoivamia Ethiopia, na Taamrat akakimbilia uhamishoni.

Jaribio la pili lilikuja 1955, safari hii likiwa na taasisi nyuma yake. Shirika la Kiyahudi (Jewish Agency) lilichukua vijana 12 wa Beta Israel likawapeleka Kfar Batya nchini Israeli, na mwaka uliofuata wengine 15. Walijifunza Kiebrania na ualimu, kisha wakarudi kufundisha vijijini. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini fedha za shule zilikatwa, na kufikia mwisho wa mwongo huo shule nyingi zilikuwa zimefungwa. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, mishahara haikuwepo.

Huku kwetu Kongo mambo yalikwenda kinyume: msomi ndiye aliyetoka ng'ambo kuja kwetu. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa chini ya Italia, walifanya biashara Katanga na kujenga sinagogi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1930. Mwaka 1937 walimpata Moïse Levy, kijana aliyehitimu chuo cha marabi cha Rhodes, chuo kilichofunguliwa 1928 na kufungwa miaka kumi baadaye chini ya sheria za kibaguzi za Italia. Levy alibaki Kongo zaidi ya nusu karne. Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, walipelekwa Auschwitz mwaka 1944, na waliosalimika ni wachache mno.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Mbale, Uganda. Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya huko, walianza Uyahudi na Semei Kakungulu mwaka 1919, na Idi Amin akaupiga marufuku. Gershom Sizomu, mmoja wa viongozi waliouinua upya, alipata ufadhili wa shirika la Be'chol Lashon, akasoma katika shule ya marabi ya Ziegler, Los Angeles, kuanzia 2003 hadi 2008. Alirudi na cheo cha rabi, akaanzisha mafunzo ya dini katika kilima cha Nabugoye. Mwaka 2016 akachaguliwa mbunge.

Si kila mlango ulifunguka. Desemba 2017 kijana Myahudi kutoka Kenya, mwenye viza mkononi na nafasi katika yeshiva (chuo cha dini) ya Jerusalem, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Ben Gurion nchini Israeli na kurudishwa. Uyahudi wa jamii kama hizi za Kenya na Uganda bado unabishaniwa nchini Israeli, na barua ya chuo peke yake haimvushi mtu mpaka.

Makanisa ya Goma, misikiti, na ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada wanaochangia masomo ya vijana wa Murara, wayakumbuke yaliyowapata walimu wa Beta Israel mwishoni mwa miaka ya 1950, shule zao zilipofungwa. Mnapoweka fungu la nauli na karo, wekeni na fungu la mshahara wa miaka ya kwanza kijana atakaporudi kufundisha.