Utambi wa Oicha

Mwaka 1934 daktari Mmarekani Carl Becker alihamia Oicha, wilayani Beni, mashariki mwa Kongo, akaanzisha hospitali ya misheni ukingoni mwa msitu wa Ituri. Enzi hizo usiku wa vijiji vya Beni ulikuwa wa moto na taa ya mafuta.

Taa ya chemli ilimfundisha mtu kiasi. Ukipandisha utambi mno, moshi unapanda, kioo kinajaa masizi na mafuta yanakwisha mapema. Ukizungusha kile kigurudumu kidogo ubavuni, utambi unashuka na mafuta yanabaki ya kesho. Wabunifu wanaotaka taa inayomzindua mtumiaji wangeanzia hapo.

Mwaka 2013 umeme wa maji uliwaka Mutwanga, chini ya Ruwenzori, katika wilaya hiyohiyo ya Beni. Balbu haitoi masizi. Huweza kuwaka mchana kutwa bila mtu kushtuka.