Tanzania One wa Mwisho wa Reli

Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, lawama zilipata pa kutua. Juma Kaseja alikuwa amekabidhiwa benchi ligi ikiyoyoma, jahazi limeshaingia maji, lakini kwenye vijiwe vya kahawa nani ana muda wa kuuliza aliyelitoboa? Kipa ni kipa tu, ikasemwa, ukocha kauvamia.

Wanaosema hivyo wamemsahau James Siang'a. Mkenya huyo alilinda lango la Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972, na miaka 31 baadaye ndiye aliyeiongoza Simba kumvua ubingwa Zamalek. Langoni alimsimamisha kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Kigoma, aliyepitia Makongo Sekondari na Moro United. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Emmanuel Gabriel, ikafungwa 1-0 Cairo, zikaja penalti. Kaseja akadaka, marehemu Christopher Alex akapiga ya mwisho, na bingwa wa Afrika akatolewa nyumbani kwake. Hiyo ilikuwa Agosti 2003.

Kuanzia hapo jina likawa moja tu: Tanzania One.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana ndio uliomkuza Kaseja kuliko hata Cairo. Mwaka 2006 alitua Mbrazili Marcio Maximo kuinoa Taifa Stars, akapendwa kama mkombozi. Penzi lilikuwa na mwiba mmoja. Kipa ambaye Msimbazi na Jangwani wote walimkubali (mwaka 2008 alivuka hadi Yanga, msimu uliofuata akarudi Simba) hakuwa na nafasi kwake. Yakasemwa mengi: nidhamu, kimo kifupi, kiburi cha mmoja wao au cha wote wawili. Kila orodha ya wachezaji ilipotangazwa, watu walianza kuisoma upande wa makipa. Hawakumwona. Stars ikaenda Ivory Coast kwenye CHAN ya 2009, mashindano makubwa ya kwanza tangu Lagos 1980, na Tanzania One akabaki nyumbani kama sisi tuliokuwa tunasikiliza redio.

Kocha ana haki ya kuchagua, hilo halina ubishi. Lakini kuna kuchagua na kuna kukomoana, na shabiki aliyelipa kiingilio hujua tofauti.

Maximo aliondoka 2010, akaja Mdenmark Jan Poulsen, na Kaseja akarudishwa. Desemba mwaka huohuo Tanzania Bara ikatwaa Kombe la Chalenji Dar es Salaam: nusu fainali iliwatoa Uganda kwa penalti, fainali ikawafunga Ivory Coast waalikwa, kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa. Penalti tena! Mei 6, 2012, Simba ilipoifumua Yanga 5-0, penalti mojawapo ilipigwa na Kaseja mwenyewe. Mtu ametoka langoni kwake, ametembea uwanja mzima mbele ya mashabiki wa Yanga, ameweka mpira chini, amefunga, kisha akarudi kulinda lango.

Mpira una kejeli zake. Kaseja alijiunga tena na Yanga mwishoni mwa 2013. Desemba 21, kwenye Nani Mtani Jembe, Simba wakashinda 3-1 na lawama zikamwangukia yeye. Katikati ya 2014 Yanga ikaleta kocha mpya. Nani? Maximo. Kabla ya mwaka kwisha wote wawili walikuwa wameachana na Jangwani.

Yaliyofuata ni Mbeya City, Kagera na KMC, na wengi walishamzika kisoka. Kumbe Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyemfahamu vizuri tangu KMC, alipewa Stars mwaka 2019 na akamwita. Agosti, Kenya wakatolewa kwa penalti kwao Kasarani. Septemba 8 ikawa zamu ya Burundi, sare ya 1-1 nyumbani na ugenini. Kwa sisi wa Kigoma mechi hiyo haikuwa ya kawaida. Burundi kwetu ni sokoni, ni wajomba, ni mitumbwi ya Kagunga. Na huku kocha wa Tanzania ni Mrundi na kipa ni wa hapahapa ziwani. Penalti zikaisha 3-0. Warundi hawakupata hata moja.

Mwaka 2022 Kaseja aliingia benchi la Stars kama kocha wa makipa, kisha Kagera.

Sisi huku Kigoma, Mwisho wa Reli, tumezoea kupakia: dagaa, mawese, migebuka, wachezaji. Ukoo wa kina Manara ulishapita njia hiyohiyo. Mji ulikaa miaka mingi bila timu Ligi Kuu, mpaka Mashujaa walipopanda mwaka 2023. Julai 25, 2021, Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikashinda 1-0. Watu walijaa hadi juu ya miti. Uwanja ule bado unaitwa Lake Tanganyika. Hakuna jukwaa, wala lango, wala hata kibao chenye jina la Kaseja.