Jinsi ya kukokotoa mitetemo ya noti za muziki

Kila noti ya muziki ina idadi yake ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Ala zinazopigwa pamoja zisipoafikiana kuhusu idadi hiyo, sauti zake hugongana na kuliudhi sikio.

Ndipo mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka wa 1939 ukapendekeza noti ya A iliyo karibu na katikati ya piano iwe na hezi 440. Awali viwango vilitofautiana; Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka wa 1859.

Noti nyingine zote hukokotolewa kutokana na hiyo. Kupanda oktava moja ni kuzidisha kwa 2, hivyo 440 huwa 880. Oktava hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ni kuzidisha kwa 1.05946. Kushuka ni kugawanya.

Kwa mfano, uzi wa tano wa gitaa ni A iliyo oktava mbili chini, yaani 110. Uzi mnene zaidi, E, uko hatua tano chini yake: 82.41.

Hata hivyo, hesabu hii ina kasoro. E iliyo hatua saba juu ya 440 huwa 659.26, ilhali ulinganifu kamili, mara moja na nusu, ungetaka 660. Lakini fundi akipanda kwa ulinganifu huo mara 12, huipita A badala ya kuirudia. Kasoro hiyo ndogo, iliyogawiwa noti zote, ndiyo huuwezesha wimbo kuanzia noti yoyote bila ala kukazwa upya.