Vishikizo vya Mitego, Majini na Nchi Kavu

Msasani na Kunduchi, ambavyo leo ni sehemu za Kinondoni, vilikuwa vijiji vya wavuvi kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mitego ya pwani hiyo twaitaja miwili. Wando hushikwa na nchi yenyewe: fito hukitwa mchangani, maji yakijaa samaki huingia, yakipwa husalia ndani. Dema, lisukwalo kwa mianzi, ni jepesi, nalo lingechukuliwa na mkondo. Kwa hiyo hutiwa mawe, na kamba yake hufungwa chelezo, ili mwenyewe alione tena.

Nchi kavu, tanzi laweza kufungwa katika mti au katika gogo. Mti hausogei, na mnyama mwenye nguvu akivuta huweza kukata kamba. Gogo humfuata na kumchosha, nalo huacha mburuzo, mwindaji akaufuata.

Zamani kamba za majini zilikuwa za makumbi ya nazi, na za barani za magome ya miti. Mtego ukipotea, ulioza, na mnyama akapata njia. Siku hizi nailoni na waya hudumu sana: dema lililokatikiwa na chelezo huendelea kuua chini ya bahari, wala hapana alaye.

Wahenga walisema, mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwamo. Yatupasa sisi walimu kuwaeleza vijana kwamba kishikizo ni cha kumrudisha mwenyewe penye mtego wake, si cha kuushika mtego tu.