Mauaji ya shuleni Marekani: ni malezi kweli?

Najua wengi mko bize na kazi za kukusanya, hata mimi zinanisubiri, ila kuna mada imenikaa kichwani tangu semina ya wiki hii na nimeona bora niimwage hapa tuijadili kwa nafasi.

Mada yenyewe: kwa nini kule Marekani mwanafunzi anaingia shuleni na bunduki na kuua wenzake? Kama kawaida yetu, dakika kumi nyingi, darasa likawa limeshagawanyika. Kundi dogo likasema tatizo ni bunduki. Kundi lingine likasema ni gemu, muziki na intaneti. Kundi kubwa kuliko yote likasema ni malezi, basi. Kaka mmoja alisimama kabisa: "Wazungu hawachapi watoto, wanawadekeza, baba na mama wameachana, mnategemea nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Akapigiwa makofi.

Mimi nasema malezi yamo. Lakini siyo malezi anayoyasema kaka yule. Twendeni na historia taratibu.

Tuanze na gemu na intaneti maana hilo halichukui muda. Januari 29, 1979, San Diego, California, binti wa miaka 16 alikaa dirishani kwao akaanza kupiga risasi shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu na mhudumu wa shule walikufa. Watoto 8 na polisi mmoja wakajeruhiwa. Mwaka 1979 nani alikuwa na intaneti nyumbani? Na ile bunduki aliitoa wapi? Baba yake alimpa zawadi ya Krismasi, mwezi mmoja tu kabla. Hiyo zawadi ikumbukeni, tutairudia.

Sasa fimbo. Wengi wetu tunaamini Marekani kuchapa mwanafunzi ni marufuku nchi nzima. Si kweli. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya kule iliamua kwamba adhabu ya viboko katika shule za umma haivunji katiba, kila jimbo likabaki na sheria zake. Majimbo mengi, hasa ya kusini, yakaendelea na kibao chao cha kuchapia. Sasa angalieni mfululizo huu. Oktoba 1997, Pearl, Mississippi: kijana wa miaka 16 alimuua mama yake nyumbani, akaenda shuleni akaua wanafunzi wawili. Desemba 1997, West Paducah, Kentucky: kijana wa miaka 14 aliua wenzake watatu. Machi 1998, Jonesboro, Arkansas: watoto wa miaka 13 na 11, nasema miaka 11 jamani, waliua wanafunzi wanne na mwalimu mmoja. Majimbo yote matatu sheria ilikuwa inaruhusu viboko shuleni. Kwa hiyo hoja ya "hawachapwi" inaanguka palepale ilipoanzia.

Halafu Jonesboro ina jambo lingine. Wale watoto walijaribu kufungua sefu ya silaha ya baba wa mmoja wao, ikawashinda. Wakaenda nyumbani kwa babu, wakavunja, wakachukua bunduki. Pale palipofungwa vizuri walikwama. Pale palipofungwa ovyo walipita.

Mwaka uliofuata ndiyo ikaja Columbine, ile ambayo kila mtu anaitaja. Aprili 20, 1999, jimbo la Colorado, vijana wawili wa miaka 18 na 17 waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja kisha wakajiua. Siku zile vidole vyote vilielekezwa kwa wazazi. Lakini wazazi wenyewe walikuwa nani? Wote wawili walilelewa na baba na mama nyumba moja. Baba wa mmoja alikuwa mwanajeshi mstaafu wa jeshi la anga. Mama wa mwingine, Sue Klebold, alikuwa akifanya kazi na wanafunzi wenye ulemavu chuoni. Si walevi, si watu waliotelekeza watoto. Bunduki hazikutoka kabatini kwao: tatu zilinunuliwa na rafiki yao aliyekuwa ametimiza miaka 18, kwenye maonyesho ya silaha, na ya nne waliuziwa na mtu mwingine. Mwaka 2016 yule mama alitoa kitabu, na kinachouma ndani yake ni kwamba alimpenda mwanawe, alikula naye meza moja, na hakujua.

Ila polisi walikuwa na fununu. Mwaka 1998 familia moja ya jirani iliripoti vitisho ambavyo mmoja wa vijana wale alikuwa akiandika kwenye intaneti. Ombi la kibali cha kupekua nyumba yao liliandikwa, halikufikishwa kwa hakimu. Hapo mnamlaumu mzazi peke yake?

Baada ya Columbine, serikali ya Marekani ilikaa chini ikachunguza matukio 37 ya kati ya 1974 na 2000, washambuliaji 41. Ripoti ilitoka 2002. Ikasema hakuna sura moja ya mshambuliaji. Karibu theluthi mbili walitoka katika familia zenye wazazi wawili. Kwa hiyo na ile hoja ya talaka nayo haisimami vizuri. Lakini yalikuwepo mawili yaliyojirudia: katika matukio mengi kulikuwa na mtu aliyejua mapema, mara nyingi mwanafunzi mwenzao, na zaidi ya theluthi mbili walipata silaha nyumbani kwao au kwa ndugu.

Hapo ndipo ninapofika mimi. Swali la "walikuwa wazazi wa aina gani?" halina jibu, maana walikuwa wa kila aina: wakali kwa wapole, walioachana kwa waliokaa pamoja. Swali lenye jibu ni "mzazi alifanya nini na bunduki, na alifanya nini alipoona dalili?"

Wajerumani walilijibu mapema. Machi 11, 2009, mji wa Winnenden, kijana wa miaka 17 alianzia kwenye shule aliyosoma zamani akaua watu 15 kisha akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake, ambaye alifungia silaha zake nyingine ila ile akaiacha chumbani. Mwaka 2011 baba alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe. Kesi ikarudiwa, mwaka 2013 akatiwa hatiani tena, akapewa kifungo cha nje. Na sheria ikabadilishwa mwaka ule ule wa 2009 ili wakaguzi waweze kufika nyumbani kwa mwenye silaha bila taarifa.

Marekani wamechukua muda zaidi. Novemba 2021, Oxford, Michigan, baba alinunua bastola, ya mtoto wake wa miaka 15. Mnaona? Miaka 42 baada ya San Diego, zawadi ni ile ile. Siku nne baadaye, Novemba 30, mwalimu aliona kwenye karatasi ya hesabu ya yule kijana amechora bunduki na maneno ya kuomba msaada. Akaripoti. Wazazi wakaitwa shuleni, wakakaa kikao kifupi, hawakusema kwamba nyumbani kuna bastola mpya, hawakumchukua mtoto, wakarudi kazini. Shule nayo ikamrudisha darasani bila mtu kufungua begi. Bastola ilikuwa humo ndani. Mchana ule ule aliua wanafunzi wanne.

Mwaka 2024 mama, kisha baba, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja miaka 10 hadi 15. Ni wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani kwa kosa hilo kutokana na mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni.

Dada mmoja kwenye semina alisema hiyo siyo haki, mzazi kubeba dhambi ya mtoto. Hoja nzito, naiheshimu. Lakini hawakufungwa kwa kumdekeza mtoto. Kosa lilikuwa kumpa bastola, kutoifungia, na kuondoka wakati dalili iko mezani mbele yao. Hayo ni matendo yao wenyewe, mtoto hayumo.

Kwa nini nawachosha na hili? Kwa sababu sisi ni walimu watarajiwa. Neno "malezi mabaya" ni tamu sana kwa mwalimu. Ukishalisema umenawa mikono, kosa limeenda nyumbani, wewe unaendelea na somo. Sasa mtazameni tena yule mwalimu wa hesabu wa Michigan. Hakuanza kuuliza huyu mtoto kalelewaje. Aliona karatasi, akaipeleka panapohusika. Kazi yake aliifanya. Waliofuata, wazazi na ofisi, ndio walioiacha ikafa njiani.

Tukienda mafunzo kwa vitendo hatutakutana na bastola kwenye begi, naomba Mungu. Ila mtoto anayeandika kitu cha kutisha nyuma ya daftari tutakutana naye, hilo sina shaka. Siku hiyo kumlaumu mama yake hakutamsaidia yeye wala wenzake. Tutakachokifanya kabla ya kengele ya kutoka ndicho kitakachohesabika.

Naomba kuwasilisha. Mnaobisha karibuni sana, ila njooni na hoja, fimbo acheni nyumbani.